Mpelelezi wa Kopo la Maziwa

9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, baba mtoto mzima, mgongo wake tu unamsumbua kwa kuinama kwenye mabomba ya watu kutwa. Mtoto ameanza kutambaa, ila anatambaa kinyumenyume kama gari linalotafuta maegesho, halafu akijikuta chini ya kitanda analia kana kwamba sisi ndio tuliompeleka. Wifi yangu anakusalimu sana. Ndiye anayekaa na mtoto nikienda kazini, na kama si yeye sijui ningefanyaje. Hata kumwimbia ananishinda.

Hadithi nimeipata. Niliifungua palepale posta, nikacheka kuona umeishona kwa uzi mweusi kama pindo la suruali. Nimeisoma mara ya kwanza kwa kukimbia, mara ya pili kwa kidole, maana unajua shule yangu iliishia wapi, na yale maneno marefu huwa nayaruka kama mtu anayeruka dimbwi. Nilipofika mwisho nikakuta mwisho hakuna. Nikatikisa bahasha. Nikamuuliza wifi kama ameona karatasi imeanguka. Ndipo nikaona maandishi yako ya penseli pembeni, kwamba niseme kwanza nani ameiba pete, ndipo unitumie karatasi ya mwisho. Mjomba, wewe ni mtu mbaya.

Haya, nasema ni daktari. Mle ndani kila mtu ana kisirani chake. Bibi mwenye nyumba anafoka, mpishi ananuna, mpwa mtu amelewa tangu asubuhi. Daktari peke yake anatabasamu na kuwauliza watu wamelalaje. Mtu anayetabasamu kwenye nyumba iliyoibiwa ana lake jambo.

Ila aliyenichukua moyo ni yule mpelelezi. Anamtazama mtu viatu, anamwambia ametoka wapi na amegombana na nani. Nikajisemea, hii mbona hata mimi naiweza? Kazi yangu ni shuka za hospitali. Zinakuja kwenye matoroli, tunazitenga, tunafua, tunazipitisha kwenye mashine ya pasi, kisha tunakunja wawili wawili. Na shuka linasema, mjomba. Namjua mgonjwa aliyelala bila kugeuka na yule aliyepigana na godoro. Basi juzi nikaona kistari cheusi kwenye kola ya msimamizi wetu, nikawaambia wenzangu kwamba huyu anapaka nywele rangi, na leo amepaka kwa haraka. Wakabisha. Mchana mvuke ukamtoa jasho, rangi ikateremka mpaka sikioni. Tangu hapo wananiita Inspekta. Nakataa kwa mdomo tu.

Uliniuliza kama nimemwachisha mtoto. Wala. Kila asubuhi namkamulia chupa mbili, wifi anampa mchana, na jioni nikirudi naambiwa amemaliza zote na ameshiba. Lile kopo la maziwa ya unga alilonunua baba mtoto lipo kabatini kwa dharura tu. Wenzangu kazini maziwa yaliwakauka walipoanza zamu. Mimi bado. Huniambii kitu.

Mpwa wako,
Chiriku


27 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, mama. Nimefurahi kusikia mtoto anakwenda kinyumenyume. Wako watu wazima wanaofanya hivyo na wanalipwa mshahara. Mimi ni magoti yaleyale. Chumba chetu cha kujalidi vitabu kimehamishiwa chini kabisa ya maktaba, hakuna dirisha, gundi inakauka polepole na mimi nakauka nayo. Wasalimu wote hapo, na wifi yako mwambie nimepokea zake.

Umekosea. Daktari hana kosa lolote isipokuwa meno mazuri. Karatasi ya mwisho hii hapa, utaona kwamba pete ilifichwa na bibi mwenyewe, na utaona kwa nini. Usivunjike moyo. Mimi niliposoma mara ya kwanza nilimkamata mpishi, nikamfunga kabisa.

Nakutumia nyingine. Kitabu chenyewe kimeondolewa rafuni kwa kuchakaa, nimeagizwa nivue jalada na kurasa nitupe. Siwezi kutupa. Hii naipenda kwa sababu mpelelezi wake hababaishwi na sura za watu. Mtu hujifunza kupanga uso wake, mikono anaisahau. Nawe achana na nyuso, tazama mikono.

Mjombako


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mafua yametupitia nyumba nzima kwa zamu, sasa tumepona. Jino la mtoto linachungulia. Wifi anakusalimu. Salamu hizo nimeziandika kwa sababu ameniambia niziandike.

Nimemaliza ile ya mwalimu wa piano aliyetiliwa sumu. Nasema ni jirani, kwa ajili ya zile glavu. Lakini kilichonikaa ni pale mpelelezi anapowakusanya wote sebuleni. Anasimama. Anatembea. Anaanza mbali, anamsogelea huyu, anamwacha, anamrudia yule, na hakuna anayethubutu kukohoa. Nilisoma nimesimama jikoni, chungu kikaungua sikukisikia.

Sasa usicheke: nami nina kesi. Wakati wa mafua nilifungua lile kopo la dharura, nikakuta limefika nusu, na mimi sijawahi kulitumia. Nikasawazisha unga kwa kijiko, nikachora mstari wa penseli ndani ya kopo. Siku chache baadaye unga ulikuwa chini ya mstari. Nikatazama mikono, kama ulivyosema. Mkono wa blauzi ya wifi ulikuwa na unga mweupe kwenye mshono. Mama mwenye nyumba tuliyopanga akaniambia, bila mimi kumuuliza sana, kwamba kila mchana wifi hutoka na mtoto na kikapu kilichofunikwa, anaelekea upande wa kibanda cha chai. Nikaenda kibandani. Mjomba, chai ya pale imekuwa nzito na nyeupe kuliko zamani. Nilikunywa kikombe juu ya kikombe kuhakikisha, mpaka muuza chai akaniuliza kama nimefukuzwa nyumbani.

Baba mtoto sijamwambia. Jumapili nitawakusanya, yeye, mama mwenye nyumba na wifi mwenyewe. Nimeshapanga nitaanzia wapi. Najua ni ndugu wa mume wangu, lakini maziwa ni ya mtoto.

Mpwa wako,
Chiriku (Inspekta)


2 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Barua yako imefika leo, imezunguka mji mwingine na kurudi, ina mihuri miwili. Jumapili uliyoitaja imeshapita, na nyingine baada yake. Naandika hata hivyo.

Kama hujafanya, ngoja. Yale ya mikono niliyasema kwa ajili ya hadithi. Mle kitabuni mwandishi humwekea mtu unga mkononi kwa sababu anajua atauhitaji mbele. Nyumbani unga unamwagika tu. Muulize wifi yako mwenyewe, mkiwa wawili, mtoto amelala, bila kutembea chumbani. Nijibu upesi.

Mjombako


28 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini magoti hayakusumbui sana. Sisi wazima. Mvua zimeanza. Jino la mtoto limetoka, ni dogo na kali. Kazini wamenibadilishia zamu, siku nyingine siendi. Baba mtoto yupo.

Kuhusu hadithi, kwa sasa sina nafasi ya kusoma. Usihangaike kutuma nyingine.

Mpwa wako


10 Mei

Chiriku,

Marahaba. Barua yako ni fupi kuliko risiti ya duka. Nimeigeuza nyuma nikidhani kuna iliyobaki.

Sitaki kumpeleleza mtu wa damu yangu, lakini macho yameona bila kuniomba ruhusa. Salamu za wifi yako hazimo, nawe hukuzisahau hata mlipotoka kwenye mafua. Siku nyingine huendi kazini, kwa hiyo wa kukaa na mtoto hakuna. Na baba mtoto yupo, basi, kama kiti kilivyopo. Naishia hapo, mengine ni yako kusema au kutosema.

Ila usinifiche kwa kudhani nitakushusha thamani. Ni mimi niliyekutumia zile karatasi, na ni mimi niliyekata mwisho ili uone hamu. Kama kuna aibu humo ndani ya nyumba, fungu langu nalijua.

Mjombako


25 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika kichwani siku nyingi nikikunja shuka, na kila nikifika hapa naikunja pamoja nazo. Mtoto hajambo, amepungua kidogo.

Niliwakusanya. Barua yako ya kunizuia ilinikuta nimeshamaliza. Baba mtoto alikaa kitandani, mama mwenye nyumba kwenye kiti, wifi chini na mtoto mapajani. Mimi nikasimama. Nikatembea, ingawa chumba chetu ni kidogo nikawa nagonga kabati kila nikigeuka. Nikaanza na kopo. Nikaja kwenye mstari wa penseli. Nikamgeukia mama mwenye nyumba, akashtuka, nikamwacha. Na sasa nakuambia neno ambalo sijamwambia mtu: nilifurahia. Wote walikuwa wananitazama mimi niliyeacha shule, na nilijisikia kama nimevaa nguo mpya. Nilivuta maneno makusudi. Nikaunyanyua mkono wa wifi mbele yao, nikaonyesha unga kwenye mshono, nikasema, "Maziwa ya mtoto wangu yanauzwa kwenye kibanda cha chai, na anayeyauza ndiye huyu aliyempakata."

Nilingoja ajitetee, kwa sababu kwenye hadithi hujitetea. Alimtazama kaka yake. Kisha akanitazama mimi, kifuani, nikadhani ni dharau. Akasema, "Kama wifi amesema, basi." Akampa mtoto baba yake, akafunga nguo zake, akaenda kwa dada yao mkubwa. Baba mtoto hakugomba. Aliniuliza tu kwa nini yeye aliambiwa siku moja na mama mwenye nyumba. Tangu hapo ananijibu ninachouliza, hazidishi.

Kesho yake mtoto nilimwacha kwa mama fundi cherehani wa mlango wa mwisho mtaani, ukishapita kibanda cha chai, na zile chupa zangu mbili. Jioni nikamkuta mtoto amelala na machozi yamekauka shavuni. Mama fundi akanitazama juu ya miwani, akauliza maziwa ya unga yako wapi. Nikamwambia mwanangu hatumii ya unga, zile mbili zinamtosha. Akaacha kukanyaga cherehani.

"Mwanangu," akasema, "zako hazimtoshi tangu alipoanza kutambaa. Unadhani nani alikuwa anamjazia?"

Kila mchana wifi alikuwa anakwenda kwake, njia ya kibanda cha chai. Kikapuni kulikuwa na chupa, na unga kidogo kwenye karatasi. Maji aliyachemshia pale kwa mama fundi, ili mimi nikirudi nisikute sufuria imelowa. Alimwomba asiniambie. Alisema wifi yake, ndiye mimi, anajivunia maziwa yake, ndicho kitu pekee kinachomrudisha kazini akicheka, tumwache nacho. Chai ya kibandani ni nzito kwa sababu muuza chai amepata maziwa mazuri, basi.

Na mimi nilikuwa naona maziwa yanapungua chupani, mjomba. Nilijiambia chupa zenyewe ni kubwa.

Kumbe aliponitazama kifuani hakunidharau. Angeweza kunimaliza kwa neno moja mbele ya mume wangu na mama mwenye nyumba. Akachagua kuitwa mwizi.

Sasa jina lake limeharibika. Mama mwenye nyumba amesema huku na huku, na wewe unajua neno kama hilo halikai ndani. Wifi alikuwa amepata kazi ya kulea watoto kwenye chekechea, mwanzo wa Julai. Mwenye chekechea amesikia, amesema atafikiri upya. Nani atampa watoto mtu anayeiba maziwa ya mtoto? Na kazi hiyo aliitafuta mwaka mzima. Mimi nimefika mpaka kwenye kona ya nyumba ya dada yao na mtoto mgongoni, nikarudi. Nimefika tena, nikarudi. Miguu inafika, uso haufiki.

Nimezisoma upya zile hadithi. Kwenye ile ya pete, mpishi anaulizwa mbele ya wote, sanduku lake linapekuliwa, nguo zake zinamwagwa kitandani wageni wanaona. Baadaye inajulikana hana kosa. Ukurasa unaofuata hayumo. Hakuna aliyemwambia pole. Na kesho yake si anawapikia walewale? Mara ya kwanza sikumwona kabisa. Nilikuwa natafuta mwizi.

Mpwa wako


6 Juni

Chiriku,

Marahaba, mama. Nimesoma yako mpaka gundi ikakauka kwenye brashi.

Hata mimi yule mpishi nilimfunga nikacheka, wala sikurudi kumfungulia. Vitabu vya namna hii nimevijalidi tangu ujana wangu, na sijakutana na hata kimoja ambamo mpelelezi anarudi mlangoni kwa mtu kusema nilikukosea. Kwa hiyo ukurasa wa kukutumia sina.

Naona hivi tu. Ulimwita mwizi mbele ya watu. Kumwomba radhi mkiwa wawili jikoni kutakupumzisha wewe, yeye kutamwacha palepale. Waite walewale, na huyo wa chekechea akikubali. Usieleze ulivyofikia kudhani. Usianze mbali. Sema lililo kweli, pamoja na lile la chupa. Hilo ndilo litakuwa gumu kwako, na ndilo pekee linalomsafisha yeye. Nami niombee radhi kwake.

Mjombako


22 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mtoto ameacha kutambaa kinyumenyume, sasa anakwenda mbele na hakuna kilicho salama. Baba mtoto amenunua limau, anasema mvuke wake unasaidia mgongo, sijui nani kamwambia. Amerudi kusema mawili matatu.

Nilikwenda. Niliwaomba baba mtoto na mama mwenye nyumba tuongozane mpaka kwa dada yao mkubwa. Mama mwenye nyumba alisema ana nguo kwenye kamba, nikamwambia nitamwanulia mimi wiki nzima, akaja. Kwa mwenye chekechea nilipita asubuhi, akanijibu kwamba hana muda wa ugomvi wa mawifi. Tulipofika tukamkuta yuleyule ameshakaa, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Wifi alikuwa anapiga pasi pembeni. Hakuacha. Nilikuwa nimejipanga kusimama, lakini nikakaa sakafuni na mtoto. Dada yao mkubwa, ambaye mdomo wake unaujua kwa sifa, akasema, "Haya Inspekta, leo umekuja kumkamata nani?"

Nilisema, "Wifi hakuiba. Maziwa yangu hayamtoshi mtoto. Alikuwa anamlisha na kunifichia ili nisione haya, na mimi nikamwita mwizi mbele yenu."

Basi. Nilidhani nina maneno mengi, kumbe ni hayo. Nilisikia uso wote unawaka, na zaidi ulipowaka ni pale niliposema hayamtoshi, maana baba mtoto alikuwa hajui. Hakuna aliyenisaidia. Mama mwenye nyumba akatazama ndala zake. Dada mtu akauliza ushahidi uko wapi safari hii, maana naambiwa wewe huendi mahali bila ushahidi. Nikamwambia amtazame mtoto mashavu, yalivyokuwa wifi alipokuwa nyumbani na yalivyo sasa. Akamtazama.

Wifi alikuwa ameinua pasi, ameishika hivyohivyo hewani.

Mtoto akaanza kulia njaa. Nilikuwa nimebeba chupa, unga na chupa ya maji moto. Nikamtengenezea palepale mbele yao wote. Mbele ya watu sikuwahi, nyumbani huwa nageukia ukutani. Nikatikisa, nikataka kumpa.

"Maji mengi hayo," wifi akasema. "Nipe."

Aliweka pasi chini. Akamwaga kidogo, akaongeza kijiko, akatikisa, akadondoshea kwenye mkono wake kuonja moto. Akamchukua mtoto kwangu bila kunitazama. Mtoto alinywa amemkazia macho na kushika kidole chake. Mwenye chekechea alikaa anawatazama mpaka chupa ikaisha. Kisha akafungua mkoba, akaufunga tena, akamuuliza wifi kama anaweza kuanza Jumatatu badala ya kungoja Julai, na huyu mtoto kama wazazi wake wanapenda anaweza kuja naye. Wifi akajibu kwamba anaweza.

Baba mtoto alitoka nje kidogo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi, na mvua ilikuwa inanyesha.

Radhi zako nimezifikisha. Wifi alisikiliza, akaitikia kwa kichwa. Hakusema amenisamehe, mjomba, nami sikuuliza. Nimemfanyia jambo ambalo hata akinisamehe litakuwa limefanyika. Nikikutana naye nitakuwa naona haya muda mrefu, na nafikiri ni sawa, nisikimbilie kupona. Nyumbani hajarudi. Kitanda chake nimekitandika, lakini sijamwambia.

Tulipoaga alitusindikiza mpaka mlangoni, mtoto begani kwake. Baba mtoto na mama mwenye nyumba walishatangulia. Akanirudishia mtoto, akamweka vizuri kofia. Halafu, akiwa anatazama kofia, akaniambia, "Jumatatu usikamue. Mnyonyeshe mwenyewe asubuhi, taratibu, ndipo umlete. Kwa asubuhi yanamtosha."

Mpwa wako,
Chiriku